Nyumba ya kalunguyeye bustanini: isiyopinduka, isiyoingia maji

#1 MwenyeMkungu, Tudor

Assalaam alaykum, na heshima kwenu nyote. Nimesita muda mrefu kuufungua uzi huu kwa kuhofia kuchekwa, lakini masika yako mlangoni na kazi yenyewe haingoji. Nataka tuzungumzie namna ya kumjengea kalunguyeye nyumba katika bustani, nyumba ambayo mbwa hataipindua, mvua ya Mei haitaingia ndani yake, na jua la Machi halitaigeuza kuwa tanuri.

Nasema kalunguyeye, si nungunungu, maana jirani yangu alipoisikia habari hii alinionya kwamba mnyama huyo atanirushia miiba na kunimalizia mihogo. Nungunungu ni wa jamii ya panya, ni mkubwa, miiba yake ni mirefu, na mihogo kweli anaila, ingawa miiba hairushi hata yeye: humnasa tu adui anayemsogelea. Kalunguyeye anaenea katika viganja viwili, uzito wake ni baina ya gramu 250 na 600 hivi, na chakula chake ni mende, mchwa, jongoo, minyoo na konokono. Aliyeko kwetu Afrika Mashariki wataalamu humtambua kwa vidole vinne vya miguu ya nyuma. Huyu wangu sijamhesabu vidole wala sina nia ya kumsumbua kwa ajili hiyo.

Alikuwa akiishi chini ya rundo la makuti ya zamani nyuma ya jiko. Mwaka jana makuti hayo yaliondolewa, na usiku wa pili nilimkuta akizunguka pale pale, akinusa ardhi tupu kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba imebomolewa. Nikaona ni wajibu wangu kumrudishia pa kulala, nikatengeneza sanduku la plaiwudi lililobaki kwenye kazi ya kabati, kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa Uingereza. Sanduku lile halikumaliza miezi mitatu. Wiki ya kwanza mbwa wa jirani alilisukuma kwa pua tu likalala ubavu. Nililipa uzito kwa kuliwekea jiwe juu, na likatulia hadi Mei, ambapo maji yalitambaa chini ya sakafu na plaiwudi ikaachana tabaka kwa tabaka kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai. Kosa la tatu nililigundua nilipokuwa nikilibomoa: nilikuwa nimelipaka rangi nyeusi ili lisionekane sana, na nilipoweka kiganja juu ya kifuniko saa nane mchana nilikiondoa upesi.

Nimelifikiria jambo hili tangu wakati huo, na nimefikia uamuzi kwamba tatizo halikuwa ufundi wangu peke yake. Maelezo ya Uingereza yameandikwa kwa ajili ya mnyama anayelala usingizi mzito wa majira ya baridi, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na kila kipimo chake kinalenga kuzuia baridi. Kalunguyeye wetu halali namna hiyo. Huweza kujifungia na kutulia siku kadhaa kiangazi kinapokuwa kikali na wadudu wakaadimika, lakini baridi si adui yake hapa Mombasa. Adui zake ni maji yanayotoka chini, joto linalotoka juu, na kitu chochote chenye makucha kinachoweza kuingiza mkono mlangoni. Kwa hiyo nyumba yake iwe nzito, iinuke juu ya ardhi, na ipitishe hewa. Mbao kwetu zina mchwa, mawe tunayo.

Hii ndiyo ramani niliyoichora. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya inchi 6, yaani sentimita 15. Chumba kwa ndani kina upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 55, na kimo cha sentimita 30. Mlango ni wa sentimita 12 kwa 12, nao upo pembeni, si katikati. Sentimita 15 kutoka mlangoni, kwa ndani, nitasimamisha kiambaza chembamba kitakachoziba njia isipokuwa sentimita 13 za upande wa pili, ili anayeingia alazimike kupinda kabla hajafika chumba cha kulala. Paka akitia mkono mlangoni atapapasa kiambaza, si mnyama. Juu nitaweka bamba la simiti la sentimita 5, na juu ya bamba hilo makuti ya kuzuia jua. Chini ya bamba, ukutani, kutakuwa na matundu mawili ya paipu ya nusu inchi kwa ajili ya hewa.

Mahali nimechagua chini ya mkungu, yaani mti wa kungu, upande wa nyuma, ambako kivuli hakiondoki mchana kutwa. Mkungu unaangusha majani makubwa, naye atajiokotea matandiko mwenyewe. Nilifikiria mwembe kwanza, lakini wangu umejaa majimoto, wale sisimizi wekundu wakali wa mitini, na sidhani kuna kiumbe anayetaka majimoto wamdondokee kila anapotoka. Mlango nitauelekeza magharibi-kaskazini, ukitazama ukuta wa uwanja ulio karibu mita moja mbele yake, kwa sababu mvua ya masika huja na Kusi, upepo wa kusini-mashariki, na Kaskazi nayo hupuliza kutoka kaskazini-mashariki.

Ninaomba mafundi na wenye uzoefu mniambie palipo na kasoro kabla sijanunua simiti.

#2 FundiMawe, Likoni

Waalaykum salaam, Bi Mkungu. Nimejenga kuta kwa miaka mingi na sijapata kuombwa nyumba ya kalunguyeye, lakini ukuta ni ukuta. Nitasema palipo na kasoro bila kukuficha.

Bamba lako kwanza. Chumba chako kwa nje ni sentimita 70 kwa 85. Ukitaka ukingo wa sentimita 10 kila upande, bamba litakuwa 90 kwa 105, na kwa unene wa sentimita 5 litakaribia kilo 113. Hilo mbwa hataligusa, lakini na wewe hutaligusa, na siku utakapohitaji kusafisha utaita vijana wanne. Limwage kwa vipande vitatu vya sentimita 35 kwa 90. Kila kimoja kitakuwa na kilo 38 hivi, ambazo watu wawili wanaziinua bila shida, na mtoto au mbwa hawezi kuzisogeza. Kila kipande kitie wavu wa waya ndani na vishikio viwili vya nondo iliyopindwa. Mchanga uwe wa kununua, usichote ufukweni, kwa sababu chumvi itaila nondo na bamba litapasuka. Limwagie maji siku saba, liwe na unyevu muda wote.

Viungo vya vipande hivyo vitavuja. Usivizibe kwa simiti, maana hutaweza kufungua tena. Laza bati juu yake, likizidi kidogo pande zote, halafu makuti juu ya bati, na ukuta wa nyuma uushushe inchi moja ili maji yaende nyuma, mbali na mlango.

Jambo la pili watu wengi hulisahau hata kwenye nyumba za binadamu. Maji yanayofika ukingoni hayaanguki moja kwa moja; hutambaa chini ya ukingo yakarudi ukutani. Kabla bamba halijakauka, lichoree mfereji mdogo upande wa chini, sentimita 3 kutoka ukingoni, kwa fimbo au kwa ncha ya mwiko. Tone likifika pale linashindwa kuvuka, linaanguka. Mfereji wa upana wa kidole unatosha kuuweka ukuta mkavu.

Jiwe la matumbawe linakunywa maji kama sifongo. Lilowanishe kabla ya kulipanga, la sivyo litanyonya maji ya udongo wa simiti na kiungo kitabaki unga. Changanya ndoo nne za mchanga kwa moja ya simiti, utumie pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, kwenye safu ya kwanza hata kama unaona ni kazi ndogo. Safu ya kwanza ikipotoka, bamba halitakaa, litacheza, na bamba linalocheza ndilo linaloanguka.

Sakafu usiipige simiti. Maji yakiingia hayatakuwa na pa kutokea. Chimba sentimita 15, tandaza wavu wa waya wa kuku ili panya wasichimbe kutoka chini, jaza kokoto, shindilia, kisha mchanga mzito juu yake mpaka sakafu iwe juu ya ardhi kwa sentimita 10. Weka jiwe la kupandia mlangoni, lenye mwinamo, kwa kuwa mgeni wako ana miguu mifupi.

Na tafadhali mpe nyumba muda. Chokaa na simiti mbichi huunguza ngozi. Iache wazi wiki tatu, ikauke, ndipo uweke majani.

#3 JuuYaKilima, Mikindani

Nashukuru kwa maelezo haya, ila naomba wenzetu wa kisiwani na wa Nyali wakumbuke kwamba sisi wa bara ya magharibi hatuishi juu ya matumbawe. Kwenu maji yakimwagika yanazama baada ya dakika chache. Kwetu udongo ni wa mfinyanzi, na wakati wa masika ukichimba shimo la kiatu unakuta maji kesho yake.

Nilifanya kama alivyoeleza fundi, si kwa kalunguyeye bali kwa banda la sungura: nilichimba, nikajaza kokoto, nikashindilia. Katika mfinyanzi shimo lililojaa kokoto ni kisima tu. Maji ya bustani nzima yaliingia humo yakakosa njia, na kokoto zikalowa mpaka Julai. Anayejenga kwetu asichimbe kabisa. Aondoe nyasi tu, apange safu mbili za mawe juu ya ardhi ilivyo, ajaze kokoto ndani ya safu hizo, na sakafu iwe juu kwa sentimita 30. Njia ya kupandia itakuwa ndefu zaidi, lakini itambae kwa mwinamo wa polepole, iwe na uso wa kukwaruza. Mfereji wa kugeuza maji uwe upande wa juu wa kilima, si kuzunguka nyumba yote.

#4 MswahiliWaLeicester

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni niliyehamia Uingereza, na bustani yangu ina nyumba ya namna hiyo tangu miaka sita iliyopita, kwa hiyo naona nina cha kuchangia pande zote mbili.

Dada Mkungu amesema kweli kwamba maelezo ya huku yanahusu baridi. Kalunguyeye wa huku ni mkubwa kuliko wa kwetu, hufikia kilo moja na zaidi anapojinenepesha kabla ya kulala, na ndiyo maana mlango unaopendekezwa ni wa sentimita 13 kwa 13. Hizo 12 zako zinatosha. Kiambaza cha ndani nacho ni jambo linalosisitizwa sana huku, kwa sababu ya mbweha na mnyama wa huku wa jamii ya nyegere, na kwenu kitafaa kwa paka na mbwa. Kwa nguchiro hakitafaa. Anayeingia kalunguyeye anaingia nguchiro, na hilo sioni dawa yake.

Nina jambo moja ambalo sijaliona kwenye ramani yako. Nyumba si kitu ikiwa uwanja umezungushiwa ukuta usio na upenyo. Kalunguyeye wa huku hutembea kilomita moja hata mbili kwa usiku mmoja akitafuta chakula, na jumuiya ya kuwahifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1982, imewashawishi watu wengi kutoboa ua zao sentimita 13 kwa 13 ili bustani ziungane. Sijui wa kwetu anatembea mbali kiasi gani, lakini najua kuta za Mombasa zilivyo: mawe hadi juu, na vipande vya chupa juu yake. Je, huyu wako anapita wapi?

Kuhusu matandiko, muache ajikusanyie. Usimwekee usumba wala kamba za katani wala vitambaa. Nyuzi hujifunga mguuni, naye anapojikunja na kujikunjua zinazidi kukaza hadi damu inakatika. Majani makavu na nyasi ndefu kavu ndizo salama.

#5 BintiKisauni

Naomba niulize maswali ya mtu asiyejua. La kwanza, mama mkwe wangu ninayeishi naye anasema rundo la mawe na majani ni kumkaribisha nyoka, na mimi sina jibu la kumpa. La pili, kwetu kalunguyeye huja karibu kila usiku, na mtoto wangu amezoea kumwekea maziwa kwenye kisahani. Je, hilo ni sawa? La tatu, fundi anayetunza bustani alitaka kuupaka mlango wa mbao oili chafu ili mchwa wasiule. Nimemzuia kwanza.

#6 MwenyeMkungu, Tudor

Nitamjibu kila mmoja kwa kadiri ya ninavyojua.

Fundi Mawe, Mola akuzidishie. Ramani nimeibadilisha kwa vipande vitatu, na huo mfereji wa chini ya ukingo nimeutazama kwenye madirisha ya nyumba yangu mwenyewe, nikaukuta upo, nami nimeishi humu miaka thelathini nikidhani ni pambo.

Ndugu wa Leicester, swali lako limeniumbua. Nilikaa barazani usiku tatu mfululizo bila taa kumwangalia. Hupita chini ya geti, upande wa kushoto, mahali ambapo mvua imechimba ardhi, na nafasi yenyewe ni ya sentimita 9. Juma lililopita nilikuwa nimeagiza mtu apazibe kwa simiti kwa sababu ya panya. Nimefuta agizo hilo.

Binti yangu wa Kisauni, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba hofu yake ina msingi. Nyoka huja anapopata panya na pa kujificha. Nyumba yenye sakafu ya wavu na kuta zilizojengwa kwa udongo wa simiti haina mianya kama rundo la mawe yaliyolundikwa tu, na mabaki ya chakula yasipolala nje panya hawatazidi. Siwezi kumhakikishia kwamba nyoka hataingia kamwe, na asiyetaka hatari hiyo karibu na jiko aijenge mbali, mwisho wa uwanja. Mimi kwa sababu hiyo hiyo nimeipangia umbali wa hatua ishirini na tano kutoka mlango wa nyuma, na sitatia mkono ndani bila kumulika tochi kwanza.

Maziwa yasimame leo. Tumbo la kalunguyeye mzima haliwezi kuyamudu maziwa ya ng'ombe. Humharisha, na kuharisha humkausha maji hadi kufa. Mtoto amwekee maji, ya kina kifupi, kwenye kibia cha udongo kisichopinduka, na ayabadilishe kila jioni. Chakula mimi simwekei. Chakula huita sisimizi, panya na paka wa mtaa mzima, halafu unashangaa nyumba uliyoijenga imekuwa mkahawa. Kona moja ya bustani nimeiacha na majani yanayooza na gogo la mnazi, na humo kuna jongoo na mende wa kumtosha. Kunguru nao wakizoea kuona chakula mahali hawahami, na mtoto wa kalunguyeye ambaye miiba yake haijakomaa ni tonge kwao.

Oili chafu umefanya vyema kuizuia. Harufu yake haitoki kwa miezi, na mnyama huyu anaishi kwa pua. Isitoshe hugusa ukuta kwa tumbo lisilo na miiba. Ikiwa lazima utumie mbao, ziinue juu ya mawe ili mchwa waonekane wanapopanda, na ubadilishe zikioza. Sumu ya panya na sumu ya konokono ni mbaya zaidi, kwa sababu akila konokono aliyekula sumu, na yeye amekula sumu.

#7 KijanaWaBamburi

Kwa nini msimkamate tu mkamtia ndani? Nilimwona mmoja barabarani, nina kizimba cha sungura kisichotumika, na nimeona watu ughaibuni wanawafuga kama paka.

#8 JuuYaKilima, Mikindani

Kaka, wanaofugwa ughaibuni walizalishwa vizazi vingi katika mikono ya watu. Wa kwetu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Ukimwona barabarani na gari linakuja, msogeze upande aliokuwa akielekea, kwa kitambaa kinene, umwache. Akiwa ameumia, piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, uwaulize wao. Na unawe mikono kwa sabuni baadaye: hubeba bakteria wa salmonela, viroboto, kupe, na wakati mwingine choa.

Tofauti ya nyumba ya Bi Mkungu na kizimba chako ni kwamba nyumba yake haina komeo. Asipoipenda, ataondoka.

#9 KijanaWaBamburi

Nimeelewa. Nilikuwa nauliza tu. Kizimba nitakigeuza kitalu cha miche.

#10 MwenyeMkungu, Tudor

Umeuliza vizuri, mwanangu, na wengine walikuwa nalo moyoni wasiliseme.

Nimerudi na habari ya kazi. Nyumba imesimama. Fundi niliyemwajiri hapa mtaani alinipinga juu ya pima maji, akasema jicho linatosha kwa banda la mnyama. Nikamwambia jicho lake atalitumia kwenye safu ya pili. Safu ya kwanza ilikuwa imepotoka kwa nusu inchi upande wa mkungu, kwa sababu mzizi ulikuwa umenyanyua ardhi. Hatukuukata mzizi. Tulisogeza nyumba nzima kwa sentimita 40, ambalo ni jambo la kufanya mzizi ukiwa bado unaonekana, si baada ya ukuta kupasuka.

Kosa langu moja nililiona wakati bamba zimeshawekwa. Matundu ya hewa nilikuwa nimeyapanga yote mawili upande mmoja, na hewa haikutembea. Niliwasha ubani kwenye kifuu cha nazi nikauweka ndani kabla ya majani kutiwa, nikaona moshi umetulia kama umeambiwa usubiri. Tulitoboa tundu la tatu upande wa pili, chini ya ukingo, na moshi ukaanza kutoka huko polepole. Kwa ambao hamjajenga, toboeni pande mbili tangu mwanzo, na kila tundu lizibeni kwa wavu mdogo ili nyuki wasije wakahamia.

Ubani wenyewe uliondoka baada ya siku kadhaa. Nyumba bado inakaushwa, ni wiki ya pili.

#11 MswahiliWaLeicester

Kipimo cha moshi sijakisikia hata huku. Nitakiiba.

Mara atakapohamia utatamani kufungua bamba kila siku umtazame. Usifanye hivyo. Jike akiwa na watoto wachanga na akasumbuliwa huweza kuwatelekeza, na hata kuwala. Mimba yake ni takriban siku 35, watoto huzaliwa vipofu na miiba ikiwa imefunikwa na ngozi, na macho hufumbuka baada ya wiki mbili au kidogo zaidi. Kipindi chote hicho bamba lisiguswe.

Huku tunasafisha katika majira ya kuchipua, anapokuwa ameamka na kuondoka, kabla ya kuzaa. Kwenu hakuna mapumziko ya namna hiyo. Kwa hiyo tumia njia ya ujiti: simamisha ujiti au jani mlangoni jioni, kwa wepesi kiasi kwamba anayepita lazima aliangushe, na ulitazame asubuhi. Likisimama usiku tano au sita mfululizo, nyumba ni tupu. Fungua, toa matandiko, mwagia maji ya moto, anika, na uache majani mapya karibu na mlango. Hakuna haja ya dawa.

#12 BintiKisauni

Mama mkwe amekubali, kwa sharti kwamba ijengwe upande wa mnazi wa mwisho. Maziwa tumeyaacha. Mtoto analalamika kwamba kalunguyeye hanywi maji mbele yake kama alivyokuwa akinywa maziwa.

Kuna jambo lililotokea nikaona niliseme hapa. Jumamosi tulikuwa tunachoma majani makavu tuliyoyafagia tangu Alhamisi. Nilikumbuka uzi huu nikiwa nimeshashika kiberiti, nikachukua reki nikalihamisha rundo lote hatua mbili pembeni kabla ya kuwasha. Katikati yake alikuwa amejikunja, anapumua kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa. Mikono ilinitetemeka mpaka adhuhuri.

#13 FundiMawe, Likoni

Alhamdulillahi. Rundo lililolala usiku mmoja lihamishwe kwanza, hilo hata sisi wa kazi za kusafisha viwanja hatulifanyi.

Bi Mkungu, masika ya kwanza yakipita tafadhali kagua chini ya ukingo ukutani. Ukiona mstari wa maji ya kahawia ukishuka, mfereji wa bamba umeziba kwa uchafu, na ni kazi ya ujiti na dakika tano kuuzibua.

#14 MwenyeMkungu, Tudor

Fundi, mvua kubwa ya kwanza imeshapita, ile ya usiku wa kuamkia Jumanne iliyojaza barabara. Nilitoka asubuhi na mwavuli. Ukuta wa kusini umelowa hadi robo kwa maji yaliyoruka kutoka ardhini, kwa hiyo nimetandaza kokoto kuzunguka ili tone lisirushe udongo. Chini ya ukingo pamekauka. Niliingiza mkono mlangoni, baada ya kumulika tochi, nikagusa mchanga wa sakafu: mkavu, na una ubaridi.

Chini ya geti pia nimepapanua hadi sentimita 13, nikapajengea kijikuta pande zote mbili ili ardhi isiendelee kumomonyoka.

Mgeni hakuja wiki mbili nzima, nami nilianza kuamini kwamba simiti bado inanuka. Niliendelea kusimamisha jani la mkungu mlangoni kila magharibi na kulikuta limesimama kila alfajiri. Juzi lilikuwa limelala. Nililaumu upepo. Jana nililibana kwa kokoto mbili ndogo, na leo alfajiri sikulikuta kabisa, wala limelala wala limesimama. Nilimulika kwa mbali, nikaona kikonyo chake kimechomoza pembeni mwa kiambaza, upande wa ndani, kimezibwa na majani mengine matatu ambayo sikuyaweka mimi.